Simu Zilizokaa Pamoja

Bisibisi ilianguka kutoka juu ya ngazi, ikapita karibu na sikio la msichana mmoja aliyevaa gauni la kijani, ikatumbukia ndani ya mkoba wake uliokuwa wazi. Ukumbi ulikuwa umefurika. Ilikuwa siku ya kusajili wanafunzi wapya, foleni zimejikunja kama matumbo, watu wamebeba masanduku na magodoro, na mtandao wa chuo umekatika tangu asubuhi. Kila kona walikuwa wakipiga kelele, "Waifai! Waifai!"

Msichana akainua uso. Juu ya ngazi alikaa kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu, waya umemzunguka shingoni, amebana skrubu mbili kwa midomo.

"Kaka, unataka kuniua?"

Kijana akatema skrubu kiganjani. "Samahani, dada. Naomba unirushie."

"Nikurushie? Umeitupa mwenyewe, shuka uichukue."

"Nikishuka, hawa watanila mzima mzima. Husikii wanavyoniita?"

"Wanaita mtandao."

"Wananiita mimi. Waifai ndilo jina langu hapa. Mtandao ukiwepo hakuna anayenijua. Ukikatika, nakuwa mashuhuri kuliko mkuu wa chuo."

Msichana akacheka, akavua viatu vyake vya visigino, akapanda vidato vitatu na kumpa bisibisi mkononi. Waifai akasikia harufu ya sabuni na marashi mepesi. Kwa sababu hiyo skrubu ya kwanza akaifunga upande. Alipoifunga ya pili, taa ndogo ya kisanduku cha mtandao ikawaka, simu zikaanza kulia ukumbi mzima, na watu wakapiga makofi.

"Sasa hawanijui tena," alisema akishuka.

"Mimi nakujua. Nina barua ya profesa wangu, nionane na mtaalamu wa mtandao. Nilidhani ni mzee wa miwani."

"Miwani naweza kununua," alisema Waifai. "Uzee itabidi unisubiri."

Msichana huyo aliitwa Dakta. Hakuwa daktari bado. Ndugu zake walianza kumwita hivyo siku alipokubaliwa kusomea shahada ya uzamivu, na jina likamganda. Kutwa alikuwa kwenye maabara ya kompyuta, na utafiti wake ulihusu simu za watu.

"Kila simu ikipita chini ya kisanduku chako," alimweleza Waifai siku walipokaa kazini kwa mara ya kwanza, "inasema 'nipo', na kisanduku kinaandika. Ikihamia jengo jingine, inasema tena. Nikizifuata simu zote za chuo kwa mwaka mzima, nitajua watu wanakutana wapi, wanakaa pamoja kiasi gani, wanatawanyika vipi. Siku homa mbaya ikiingia hapa, tutajua mlango wa kufunga kwanza."

"Na majina ya watu?"

"Sitaki majina. Hapo ndipo unapoingia wewe. Kabla hujaniletea chochote, kila simu utaipa namba ya bandia. Ufunguo wa namba hizo utabaki kwako, na hata wewe hutaufungua. Tumebandika matangazo kila mlango, tumewaahidi wanafunzi kwamba hakuna atakayejua nani ni nani."

"Na wewe umo humo?"

"Nimo. Kitone kama vitone vingine."

"Naapa sitafungua," alisema Waifai, akainua mkono kwa mzaha. Dakta hakucheka. Akaukazia macho mkono ule mpaka Waifai akaapa tena, safari hii kwa dhati.

Wakawa wanakaa bega kwa bega mbele ya kioo cha kompyuta, vitone vikitembea kwenye ramani ya chuo. Asubuhi vilimiminika kutoka mabwenini, vikajaza kumbi za mihadhara, vikakusanyika kwenye bwalo la chakula, vikarudi.

"Ona," Dakta alimwambia. "Kila mtu anajiona anazunguka chuo kizima. Kumbe tuna vijia vyetu kama siafu."

"Na hawa wawili? Kila siku wako pamoja. Wapenzi hao."

"Au wanakaa dawati moja na hawajawahi hata kusalimiana. Simu kukaa pamoja si watu kupendana, Waifai. Hilo ndilo kosa la kwanza la wanaoanza kazi hii."

"Basi simu yangu na yako, zinazokaa hapa tangu asubuhi?"

Dakta akajifanya anasoma kwenye kioo. "Hizo," alisema baada ya muda, "mtafiti hana maoni."

Mapenzi ni kikohozi. Kabla muhula haujaisha, wapishi wa bwalo walikuwa wanamwekea Waifai sahani mbili bila kuulizwa, na Mama Mitambo, mkuu wa kitengo cha kompyuta, akawa anamtania kwamba visanduku vya jengo la maabara vinaharibika kuliko vya chuo kizima. Jioni Dakta akirudi nyumbani kwa wazazi wake, simu zilifuatana.

"Halo, mtaalamu."

"Halo, mwenye gauni la kijani."

"Nimelivaa siku moja tu, jamani!"

"Kwangu hulivui."

"Ala! Shika adabu, niko sebuleni na mama."

"Msalimie mama mkwe."

"Thubutu! Ngoja nimalize kuandika, nikupeleke mwenyewe. Ukienda na ovaroli nakukana mlangoni."

Waifai akaenda kushonesha suti. Ilikuwa ya rangi ya udongo, na fundi cherehani alimwambia ukiivaa hii huwezi kukataliwa. Akaitundika nyuma ya mlango wa chumba chake.

Mambo yakaanza kuharibika saa za mchana.

Baba yake Dakta alikuwa mhasibu wa kampuni ya bima tangu ujana wake. Wenye kampuni wakaiuza, wenye kuinunua wakaja na watu wao, na mzee akapewa mkono wa kwaheri. Siku ile alirudi nyumbani akala, akasifu mchuzi, akalala. Kesho yake akavaa suti ya kijivu na tai, akabeba mkoba, akambusu mkewe kwenye paji la uso, akatoka kama kawaida. Hakuwa na pa kwenda. Akatembea mpaka akafika chuoni, kwa sababu chuoni hakuna anayemuuliza mzee mwenye tai anafanya nini. Akapata chumba cha zamani cha kusomea, idara ya miamba, kwenye ncha ya chuo. Wanafunzi wakaanza kumwamkia, "Shikamoo, Profesa." Naye akaitikia, "Marahaba," kwa sababu angesema nini? Akiba yake aliitoa kidogo kidogo ili nyumbani ionekane mshahara. Kutwa aliandika barua za kuomba kazi, na waliomjibu walimjibu kwamba umri umekwenda.

Dakta alimkuta pale kwa bahati, siku aliyokwenda kuhakiki kisanduku cha mtandao. Mzee alisimama ghafla kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni.

"Mama yako asijue," alimwambia. "Wala mtu mwingine yeyote. Niapie, mwanangu."

"Baba, mpaka lini?"

"Mpaka nipate pa kushika. Nikimwambia leo nitakuwa nimekufa nikiwa hai. Niapie."

Akaapa. Tangu hapo, kila mchana alibeba chakula na matunda akaenda kula na baba yake, ili mzee asikae na mawe peke yake. Simu aliiacha mkobani, sauti imezimwa, maana mzee alishtuka kila ilipolia, akidhani ni mkewe.

Waifai hakujua hata chembe ya hayo. Alichojua ni kwamba mchana mpenzi wake hapokei simu. Akapita maabara na chakula mkononi, akakuta kiti kitupu. Akapita tena siku nyingine. Kitupu.

"Leo mchana ulikuwa wapi, laazizi?" alimuuliza jioni kwa simu.

"Maabara."

"Nilipita maabara."

Kwa mbali redio ya sebuleni ilisikika.

"Basi nilikuwa mahali," alisema Dakta. "Naomba usiniulize hilo. Kuna siku nitakwambia."

"Ni mtu?"

"Waifai, nimekuomba kitu kimoja tu. Usiniulize."

"Haya. Nimesikia."

Alisikia, lakini hakuelewa. Kabla ya Dakta aliwahi kuwa na mchumba aliyekuwa kila Jumamosi yuko kwa shangazi yake mgonjwa, mpaka shangazi mwenyewe alipokutana na Waifai sokoni, mzima kama kigongo, akamuuliza mbona hawaonekani siku hizi. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Wiki nzima Waifai alijibu simu kwa neno moja moja, akakataa mzaha. Dakta akamuuliza, "Nimekukosea nini?" Akajibu, "Hakuna." Kila mmoja akakata simu akiwa ameudhika.

Asubuhi moja akaingia chumba cha mitambo peke yake. Ubaridi wa mashine ulimpiga usoni, feni zikivuma. Alikuwa na kazi nyingine kabisa ya kufanya. Akajiambia ataangalia simu moja tu, na iwe ya mpenzi wake, si ya mtu baki. Wapenzi hawana siri. Akafungua.

Kitone cha Dakta kiliondoka maabara kila mchana, kikakata chuo kizima, kikaingia idara ya miamba na kutulia. Ubavuni mwake kulikuwa na simu nyingine, ileile kila siku. Waifai akaifungua na hiyo. Haikuwa ya mwalimu wala mwanafunzi, ilikuwa ya mgeni, bila jina. Ilifika asubuhi kabla ya Dakta, ikamngoja. Jioni nyingi simu zote mbili zilitoka lango moja, zikaelekea upande mmoja.

Yale aliyofundishwa, kwamba simu kukaa pamoja si watu kupendana, hayakumjia hata kidogo. Mchana ulipofika akaacha kazi, akaenda.

Chumba cha kusomea kilinuka vumbi na karatasi kuukuu. Mawe yalipangwa nyuma ya vioo, na wanafunzi wachache waliinamia vitabu. Dirishani alikaa mzee wa suti ya kijivu, tai nyekundu iliyoiva, mkoba miguuni. Dakta alikuwa amevaa blauzi nyeupe na skafu aliyonunuliwa na Waifai. Alikuwa anamenya chungwa, akimpa mzee kipande kimoja kimoja, na wote wawili walikuwa wanacheka kwa sauti ya chini. Kisha akanyoosha mkono, akamwekea tai sawa.

"Kumbe ndiko unakopungia upepo mchana!"

Vichwa vikainuka. Dakta akasimama, chungwa mkononi.

"Waifai, tafadhali. Toka nje, nakuja sasa hivi."

"Sitoki. Na wewe mzee, mvi zote hizo, huoni haya? Tai shingoni, mkoba miguuni, unalishwa machungwa na watoto wa wenzio?"

Mzee akafuta vidole kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. Akasimama.

"Kijana," alisema, "huyu si wa wenzangu. Nimemzaa mimi."

Mwanafunzi mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Waifai akarudi nyuma hatua moja. Tayari kelele zilikuwa zimemleta mlinzi.

"Profesa, anakusumbua huyu?" aliuliza mlinzi kwa heshima.

"Hapana. Tumeelewana."

"Niandike tu, mzee wangu, ni utaratibu. Unafundisha idara gani?"

"Sifundishi."

"Umekuja kumwona nani, basi?"

Mzee akamtazama binti yake, akatazama mawe, akawatazama wanafunzi waliokuwa wakimwamkia kila asubuhi.

"Sikuja kumwona mtu," alisema. "Nilikuwa nimekaa tu."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Alipita katikati ya meza amenyoosha mgongo, na hakuna aliyemwamkia.

Dakta hakumkimbilia mara moja. Alimgeukia Waifai. Macho yake yalikuwa makavu.

"Umejuaje kama niko hapa?"

Waifai akatazama chini.

"Nimekuuliza. Umejuaje?"

Alipoona hajibiwi, akaelewa. Akavua skafu shingoni, akaiweka juu ya meza karibu na maganda ya chungwa, akaenda kumtafuta baba yake.

Mzee alifika nyumbani mchana kweupe, akaketi kitandani akaanza kufungua viatu.

"Unaumwa?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimeachishwa kazi."

"Leo?"

"Si leo. Mwaka unakwisha."

Mama hakulia kwa ajili ya kazi. "Kila asubuhi," alisema, "nakupigia pasi shati. Nakuuliza jana ofisini kulikuwaje, unanisimulia. Unanitajia watu kwa majina, unaniambia fulani kasema hivi, fulani kacheka. Ulikuwa unawatoa wapi?" Mzee akavua kiatu cha pili. Dakta alipoingia, mama akamwangalia usoni mara moja tu, akajua. "Na wewe ulikuwa unajua. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi hiyo nguo naipiga pasi mwenyewe." Akachukua mto wake, akahamia chumba cha wageni. Tangu siku ile alipika, akafua, akatandika meza, na hakusema na mumewe ila la lazima.

Waifai alipiga simu mpaka kidole kikauma. Akatuma ujumbe wa sauti, akaomba, akalia, akajilaani. Siku kadhaa zikapita ndipo Dakta alipopiga yeye.

"Dakta! Mpenzi, nisikilize, naomba..."

"Nijibu maswali yangu. Ulifungua namba yangu tu, au na ya baba?"

"Zote mbili."

"Na ya nani mwingine?"

"Hakuna. Wallahi, hakuna."

"Nitajuaje?"

Hapakuwa na namna ya kuthibitisha, na wote wawili walijua.

"Njoo kesho asubuhi, ngazi za maktaba," alisema Dakta, akakata.

Alikuja na suruali nyeusi na shati la mikono mirefu, nywele amezibana nyuma, bila hereni. Jua lilikuwa limeshapanda, wanafunzi wakipanda na kushuka ngazi, kila mmoja na simu yake mkononi. Waifai alikuwa amekonda. Akataka kumshika mkono. Dakta akauweka mkono wake mfukoni.

"Naenda kwa Mama Mitambo," alisema. "Nitamwambia ufunguo umefunguliwa. Nimeona ni haki usikie kwangu kwanza."

"Dakta, utafutiwa utafiti wako!"

"Najua."

"Miaka yako yote hiyo! Hakuna aliyeona. Ni mimi na wewe tu tunaojua. Nifukuze mimi, nichukie, lakini usijichome mwenyewe. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na mwanaharamu akiwa ni sisi?"

Waifai akakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

"Hawa wote," Dakta alisema, akiwaonyesha wanafunzi kwa kidevu, "niliwaahidi. Kila mlango nimebandika kwa mkono wangu. Tukilificha, Waifai, litakuwa letu wawili. Tutaoana nalo. Nitalala kitanda kimoja nalo mpaka nizeeke."

"Kwa hiyo bado ulikuwa unafikiria kunioa?"

Ilimtoka bila kupanga, kwa sauti ya mtoto. Dakta akageuza uso upande wa pili. Mabega yake yakatikisika kidogo.

"Wewe ndiye unayeoa, mjinga wewe," alisema. Kisha akapanda ngazi, akaenda ofisi ya Mama Mitambo.

Kamati ilikaa. Walikuwa watu wema, wakasema maneno mazuri juu ya ukweli wake, kisha wakaamua kilichopaswa kuamuliwa: kila kilichokusanywa kifutwe, kwa kuwa ahadi waliyopewa wanafunzi imevunjwa. Profesa wake alimwambia anaweza kuanza upya. Wafadhili wa utafiti wakasema muda wao umekwisha. Waifai aliachishwa kazi siku hiyohiyo, na Mama Mitambo alipomnyang'anya funguo za chumba cha mitambo alikuwa analia, maana alimpenda kama mwanawe.

Dakta akapata nafasi ya kufundisha hesabu katika shule ya wasichana, mji wa mbali, safari ya siku nzima. Akakubali. Nyumbani kulikuwa hakukaliki.

Siku chache kabla hajaondoka, Waifai akavaa suti ya rangi ya udongo, akaenda kwao kuomba radhi. Mama alimfungulia, akamtazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Karibu," akarudi jikoni. Mzee alikuwa sebuleni, fulana na kandambili, redio inaongea peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

"Nimekuja... Baba, nilikutukana. Sina la kujitetea. Nimekuja unihukumu utakavyo."

Mzee akapunguza sauti ya redio. "Ungekuja mwaka juzi ningekutoa kwa fimbo. Sasa hivi, mwanangu, sina hata nguvu ya kukasirika. Uliniaibisha, kweli. Lakini uongo ule ulikuwa wangu, wewe uliukanyaga tu gizani. Nimekusamehe."

"Asante, baba."

"Usinishukuru haraka. Msamaha wangu chukua, ni wa bure. Ila si mimi ninayeolewa."

Dakta alimsindikiza mpaka kona ya barabara. Alikuwa amejifunga kanga nyepesi juu ya gauni la nyumbani, miguu ina vumbi la kufungasha. Wakatembea polepole kama wagonjwa.

"Suti nzuri," alisema.

"Fundi aliniambia ukiivaa hii huwezi kukataliwa."

"Kamdai hela zako."

Wakacheka, na kicheko kikawaishia njiani. Waifai akasimama.

"Nioe... yaani, niolewe... Aah! Kubali nikuoe. Nitakufuata huko huko. Nitafungua duka la kutengeneza simu. Sitaki mtandao tena maishani. Dakta, nakupenda mpaka napata aibu."

"Na mimi nakupenda."

"Basi!"

"Basi nini? Nikichelewa sokoni utanyamaza, nami nitajiuliza unanyamaza kwa sababu unaniamini au kwa sababu umeshajua. Ukinipa simu mpya, nitaigeuza nyuma na mbele. Mimi niliyekuwa nafundisha watu wasiogope vitone vyao. Utaniangalia kwa mapenzi, na mimi nitaona unanichungulia. Si kwamba sijakusamehe. Nilishakusamehe palepale kwenye ngazi. Kinachonishinda si kusamehe."

"Muda utaponya."

"Labda. Lakini sitaki uzeeke ukiungoja karibu yangu. Nitakuchukia kwa kungoja kwako."

Akamshika uso kwa mikono miwili, akambusu shavuni, akageuka. Waifai alibaki kwenye kona mpaka mwenye genge akamuuliza kama anatafuta nyumba ya mtu.

Hawakuachana siku ile, maana watu wanaopendana hawajui kuachana kwa mara moja. Kule mji wa mbali Dakta alipanga chumba nyuma ya shule, akafundisha, akasahihisha, akamtumia mama yake ujumbe uliojibiwa kwa neno moja. Waifai akapata kazi kwenye kibanda cha kutengeneza simu, kati ya kinyozi na muuza viatu. Jumapili alimpigia. Mwanzo Dakta hakupokea. Kisha akapokea, wakaongea habari za mvua. Baba hajambo. Mama bado.

Jumapili moja Waifai akamsimulia mteja aliyeleta simu iliyoanguka ndani ya sufuria ya uji, akadai fundi ailambe kwanza ndipo aifungue, isije ikaharibika kwa utamu. Dakta akaangua kicheko, kile kicheko cha ukumbini, akacheka mpaka akapaliwa, na Waifai upande wa pili akacheka kwa kumsikia. Kwa muda mfupi hapakuwa na kilichowahi kutokea.

Kisha Dakta akanyamaza.

"Halo? Dakta?"

"Usinipigie tena, Waifai."

"Nimesema nini?"

"Hukusema kitu. Nimecheka. Nikicheka nasahau, na nikisahau nitarudi. Nikirudi, siku ya kwanza tu ukilala nitachukua simu yako niione ina nini. Nitakuwa mtu wa namna hiyo, na mtu huyo simtaki, wala wewe usimtake. Naomba. Kama unanipenda."

Waifai aliuma mdomo. Nje ya kibanda kinyozi alikuwa akipiga soga, na mtoto analia asinyolewe.

"Haya," alisema. "Nimesikia."

Safari hii alielewa. Jumapili iliyofuata hakupiga, wala ile nyingine. Dakta alikuwa amemwomba mambo mawili tu tangu wapendane. La kwanza lilimshinda, hili la pili akalitimiza kama alivyoombwa. Naye Dakta, kwa miezi mingi, kila simu yake ilipolia aliifuata mbio kutoka popote alipokuwa, akitamani awe amekaidi.